Jengo linalosubiri gesi

Kuna jengo moja la biashara hapa Mtwara mjini, jina lake sitalitaja mana mwenyewe tunapeana mkono kila Ijumaa, lina ghorofa tatu, vioo vya bluu mbele, na shimo la lifti ambalo lifti yenyewe haijawahi kufika mpaka leo. Mimi nilikuwa mpangaji pale 2014, fremu ya juu, ghorofa ya kwanza, stesheneri na fotokopi na kulaminisha vyeti. Kodi nililipa ya mwaka mzima kwa mkupuo na bei ilitajwa kwa dola, yani dola, Mtwara hii hii. 2016 nikafunga nikashuka mtaani, sababu nitakuja kuisema. Sasa mwezi uliopita nimepita pale nikakutana na dalali yule yule, nikamuuliza kiutani tu, ile fremu yangu siku hizi inaendaje? Akanitajia. Bei ile ile ya 2014. Fremu haijapata mtu tangu nitoke, jipsamu imeanguka, popo wamehamia, ukungu umechora ramani ya Afrika ukutani, afu bei haijashuka hata senti.

Nilicheka, ila njiani kurudi nikawa nawaza. Popo na ukungu nawaelewa, hao kazi yao inajulikana. Bei ndo sikuielewa.

Kijana wangu wa dukani ana ugonjwa wa kuangalia zile video za moli zilizokufa Marekani. Moli ni yale majengo makubwa ya maduka ya ndani kwa ndani, unaingia mlango mmoja unakuta mitaa mizima humo, viatu, nguo, chakula, sinema. Kuna watu kazi yao ni kuingia na tochi na kamera kwenye yaliyofungwa, wanaonyesha ngazi za umeme zimeota majani, chemchemi zimekauka, vioo vimemwagika chini kama chumvi ya mawe. Siku moja ananionyesha anasema bosi, kumbe na wenzetu wana magofu? Nikamwambia wana magofu ya kutosha. Akasema basi ni onlaini hiyo, watu wananunua kwa simu, maduka yakafa. Na hilo ndo jibu la kila mtu, hata magazeti makubwa huko huwa yanaandika hivyo hivyo.

Mimi naona ni nusu ya jibu, tena ile nusu nyepesi. Chukua moli inaitwa Dixie Square, ilikuwa mji wa Harvey pembeni ya Chicago. Ilifunguliwa 1966, ikafungwa 1978. 1978 jamani! Hakuna mtu alikuwa ananunua kiatu kwa kompyuta mwaka huo. Mwaka uliofuata watu wa sinema wakaikodi, wakaingiza magari ya polisi yakafukuzana humo ndani yakivunja maduka, afu ikaachwa ilivyo mpaka 2012 ndo ikabomolewa. Hesabu mwenyewe, ilifanya kazi miaka 12, ikawa maiti miaka zaidi ya 30. Kilichoiua Dixie Square ni mtaa wake kuishiwa hela, uhalifu, na wapangaji wakubwa kuondoka. Ila hiyo miaka 30 ya baadae, kusimama tu bila kuuzwa bila kubomolewa bila kupangishwa, hiyo inahitaji maelezo yake.

Tuanze na zinavyojengwa mana kifo kimo humo humo. Moli ya kwanza ya kufunikwa yote juu na kuwekwa kiyoyozi inaitwa Southdale, iko Edina, Minnesota, ilifunguliwa 1956 na bado ipo inafanya biashara. Mchoraji wake Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, alimkimbia Hitler 1938. Wazo lake lilikuwa zuri tu, watu wa pembezoni mwa miji kule Marekani walikuwa wanaishi kwenye gari, hawana pa kukaa wakapiga stori, akataka awape kitu kama katikati ya mji wake wa nyumbani, watu wanatembea kwa miguu, wanakunywa kahawa, wanasalimiana. Kilichokuja kujengwa nchi nzima ni boksi katikati ya bahari ya lami ya kuegeshea magari. Uzeeni Gruen alisimama hadharani akawakana hao watoto wake.

Kwanini yalijengwa mengi hivyo kwa haraka? Kuna kitu cha kodi, hii ya serikali sio ya pango. 1954 sheria ya kodi Marekani ilibadilishwa, mwenye jengo jipya la biashara akaruhusiwa kuhesabu uchakavu wake kwa haraka sana miaka ya mwanzo, na huo uchakavu unapunguza kodi anayodaiwa. Yani jengo linazeeka kwenye vitabu kabla rangi haijakauka ukutani. Matokeo yake kujenga jipya porini kukawa na faida kuliko kukarabati la zamani mjini, na hayo mapya mengine yalijengwa hata kama wateja hawatoshi, mana faida ya kwanza ilikuwa kwenye kodi, mteja anafuata baadae.

Afu kuna nanga. Wenyewe kwa lugha yao ndo wanamwita hivyo, mpangaji mkubwa anayekaa mwisho wa jengo, duka kubwa la jina kubwa. Southdale walianza na wawili. Nanga analipa kodi ya pango ndogo sana kwa mita, wengine karibu na bure, kwa sababu yeye ndo anavuta watu, na katikati yake wanapangwa wadogo wadogo wa viatu na pete na maandazi yao ya kizungu ambao ndo wanalipa kodi ya kweli. Mteja anashuka kwenye gari anamfuata nanga, njiani anawapitia wadogo. Mpango umekaa vizuri mpaka siku nanga anapoondoka. Na mikataba ya wadogo mingi ina kifungu kwamba nanga akitoka, na sisi tunaruhusiwa kulipa pungufu au kuondoka. Sasa fikiria Sears anafilisika 2018, JCPenney anafilisika 2020, hao walikuwa nanga kwenye mamia ya moli. Mmoja anatoka, kifungu kinaamka, wadogo wanatoka, watu wanapungua, nanga wa pili anaona giza naye anatoka.

Kwahiyo ukiona video ya moli imeota majani ujue ilikufa zamani, ilikufa kwenye karatasi kwanza. Majani yamekuja msibani.

Msiba wenyewe unaanza na maji. Mapaa ya moli ni bapa, mapana kama kiwanja cha mpira, yana matundu ya kupitishia maji ambayo lazima mtu apande ayazibue. Mwenye jengo akianza kubana matumizi wa kwanza kufukuzwa ni huyo wa kupanda. Majani yanaziba tundu, maji yanasimama, yanapata ufa, yanashuka. Umeme ukikatwa kiyoyozi kinazima, unyevu unabaki ndani, jipsamu inavimba, ukungu. Wanakuja wezi wa nyaya za shaba, wakishang'oa nyaya ndo basi, kulifufua hilo jengo ni ghali kuliko kujenga lingine. Moli ya Rolling Acres kule Akron, Ohio, ilifunguliwa 1975 ikafungwa 2008, paa la vioo likavunjika, na kuna picha maarufu theluji imelala ndani juu ya ngazi za umeme utadhani ni njia ya mlimani. Bangkok ndo walichekesha zaidi, jengo la maduka la New World lilijengwa ghorofa nyingi kuliko kibali, mahakama ikaingilia, likafungwa, baadae likaungua paa likabaki wazi, mvua zikajaza chini pakawa bwawa. Mbu wakawa wengi, wafanyabiashara jirani wakatupia samaki wale mbu. 2015 manispaa walipokuja kuwavua walitoa samaki zaidi ya 3,000 kwenye duka! Sato na kambale humo humo palipokuwa panauzwa nguo.

Hapa kwetu theluji hatuna ila tuna chumvi. Upepo wa bahari unaileta mpaka eneo la Bima huko, na wengine wetu wakati wa kujenga kwa haraka tulizoa mchanga wa pwani ambao una chumvi yake tayari ndani. Chumvi inaingia kwenye zege inakutana na nondo, nondo ikishika kutu inavimba, inapasua zege kutoka ndani. Ukipita chini ya vibaraza vya yale maghorofa utaona vipande vimedondoka nondo zinachungulia nyekundu. Majengo ya Mikindani ya mawe ya matumbawe na chokaa hayana nondo ya kuoza, ndo mana mengine yamesimama zaidi ya miaka mia, ile Boma ya Wajerumani ya 1895 imekarabatiwa watu wanalala humo kwa hela. Ila na yenyewe paa likitoka tu mvua inalamba chokaa ukuta unarudi kuwa kifusi. Paa ndo kila kitu. Asikudanganye mtu na vioo vya bluu.

Sasa turudi kwenye bei.

Nilipokuwa pale jengoni tulikuwa na nanga wetu bila kujua kama anaitwa hivyo. Ghorofa ya juu yote ilichukuliwa na ofisi moja ya watu wa huduma za visima vya gesi, walikuwa na gari nyeupe zile zenye antena, na chini alikuwepo mama wa chakula, wa vocha, wa suti, na mimi. Wateja wangu mimi walikuwa vijana wa CV. Wanatoka Newala, Tandahimba, Masasi, wanakuja na vyeti vimekunjwa kwenye nailoni, nawapigia kopi nawalaminishia wanapanda juu kupeleka maombi. Kopi shilingi 100. Kuna siku nilipiga kopi mpaka mashine ikanuka moto. Nilikuwa najiona mjasiriamali kumbe nilikuwa nakula makombo ya ghorofa ya juu.

Kwa mgeni wa mambo haya, gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982 ila ikakaa kimya muda mrefu, makelele yalianza baada ya 2010 meli za kuchimba zilipoanza kupata gesi nyingi kina kirefu baharini, na bandari yetu ikawa ndo kituo. Viwanja Shangani vikapanda, watu wakahama kwenye nyumba zao wakazipangisha kwa wageni, kila mwenye shamba la korosho karibu na lami akawa na ramani ya hoteli. Desemba 2012 tukaandamana kwamba gesi haitoki, 2013 mambo yakawa mabaya Januari na tena Mei, watu walipoteza maisha, hilo sitaki kuliongeza maneno hapa. Bomba la kilomita 542 likajengwa likaenda Dar, likazinduliwa Oktoba 2015. Na wakati huo huo bei ya mafuta duniani ilikuwa imeshaporomoka tangu katikati ya 2014, makampuni yakakunja mikeka, meli zikaondoka. Gari nyeupe zikapungua moja moja. Ofisi ya juu ikafunga wiki moja bila kuaga, nikaja asubuhi nikakuta viti vya kuzunguka vimerundikwa kwenye ngazi.

Miezi minne baadae nilikuwa napiga kopi za kadi za kliniki tu. Nikaenda kwa mwenye jengo kistaarabu, nikamwambia mzee wangu, nipunguzie nusu nilipe kwa mwezi, kuliko fremu ikae tupu. Akanijibu kwa upole kabisa, mwanangu nikikushushia wewe na wa chini watasikia. Afu akasema, na gesi itarudi.

Nilimuona mroho. Miaka kadhaa baadae ndo nimekuja kuelewa kwamba alikuwa anafanya kitu kile kile wanachofanya wenye moli kule Ohio, na kina akili yake japo ni akili ya kutuua sote. Jengo la biashara thamani yake inahesabiwa kutokana na kodi inayoweza kuingiza. Mzee alijenga kwa mkopo wa benki, na dhamana ni jengo lenyewe, na thamani iliyoandikwa benki imetokana na zile bei za dola za 2013. Akipangisha kwa nusu, amekiri kwa maandishi kwamba jengo lina thamani ya nusu, na benki wanaweza kumuita waongee. Ila likikaa tupu, bei kwenye karatasi inabaki ile ile, ni fremu tu "haijapata mteja bado". Umeona mchezo? Fremu tupu ya bei kubwa inaonekana na afya kuliko fremu yenye mtu ya bei ndogo. Wamarekani wamekaa na majengo matupu miaka kwa hesabu hiyo hiyo, wanasubiri nanga mwingine atokee, na wakati wanasubiri tundu la maji juu limeziba.

Ndo mana nasema haya majengo hayafi kwa uzee. Yanakufa kwa kusubiri. Mwenye nyumba ya vyumba sita Magomeni hawezi kusubiri, mpangaji akitoka leo kesho anahitaji hela ya unga, atashusha bei mpaka apate mtu, na yule mtu atafagia, atapaka chokaa, atapiga kelele bati likivuja. Mpangaji ndo anatunza jengo, sio mwenye jengo, ni kama nyumba ya kijijini ukiihama mwaka mmoja mchwa anaimaliza wakati ulivyokuwemo iliishi miaka ishirini.

Na ukikaa ukaangalia vizuri utaona mji wetu wote ni moli. Sitanii. Mtwara ya sasa ilichorwa miaka ya 1940 mwishoni kwa ajili ya nanga mmoja, karanga. Waingereza baada ya vita walikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, serikali yao ikaja na mradi wa karanga Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea, 1947 wakaanza, 1951 wakaufuta baada ya kuzika mamilioni ya pauni za Kiingereza na karanga zenyewe zikawa za kuhesabu. Ila kwa ajili ya hizo karanga za Nachingwea ikajengwa reli na bandari ya kina kirefu Mtwara, na bandari ilipofunguliwa 1954 mradi ulikuwa umeshakufa miaka mitatu nyuma! Barabara pana zile, umbali kati ya ofisi na ofisi ambao ukiutembea saa saba mchana unajuta, ni ramani ya watu ambao hawakuja. Reli ikafungwa miaka ya 1960 mwanzoni, vyuma vikang'olewa. Wazee wa Nachingwea watakuonyesha tuta.

Nanga wa pili, viwanda vya korosho. Miaka ya 1970 kuelekea 80 nchi ilijenga viwanda 12 vya kubangua kwa mikopo, mashine za Kijapani na za Kiitaliano, vingi vikiwa huku kusini, na wakati vinakamilika uzalishaji wa korosho wenyewe ulikuwa unaanguka, watu walishahamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao. Vingi vikafungwa, baadae vikauzwa, na baadhi vikaishia kuwa maghala. Korosho ghafi inapita mbele ya kiwanda cha kuibangua inalala humo kama mgeni afu inapanda meli. Hicho ni kichekesho kikubwa kuliko samaki wa Bangkok.

Lindi wao stori yao inafanana ila mkono ulikuwa mwingine. Lindi ndo ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini kabla ya kuhamishiwa huku kwetu, na wenzetu wa Lindi hilo hawajatusamehe. Yale maduka ya zamani ya Wahindi pale mjini, duka chini familia juu, baraza mbele, yalikuwa na dawa ya ugonjwa wote niliousema, mwenye mali analala juu ya biashara yake, bati likivuja linamvujia yeye kitandani. 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nchi nzima Wahindi wengi wakafunga mizigo, na jengo ambalo mwenyewe alikuwa ghorofani likawa na mwenyewe ofisini mbali huko. Sisemi sheria ilikosea yote, kulikuwa na hoja ya nani anamiliki nini kwenye nchi hii. Nasema tu paa halijui siasa, linajua kama kuna mtu anayelala chini yake.

Kuna wataosema mbona kuna walosubiri wakapata. Kweli, na mfano upo, ile moli kubwa kupita kiasi ya Dongguan kule China, ilifunguliwa 2005 na nafasi ya maduka zaidi ya 2,000, ikakaa karibu tupu miaka kumi, dunia nzima ikaicheka, afu ikajaa. Ila angalia ilijaaje. Mwenye mali akabadilika, wakabomoa wakapanga upya, na mji wenyewe ule wa mamilioni ya watu wa viwandani ulizidi kukua kuizunguka. Walikuwa wanafanya kazi wakati wa kusubiri. Sisi tunasubiri kama tunavyosubiri panton ya Msangamkuu, tumekaa kwenye jiwe.

Na safari hii tunasubiri Likong'o. Kiwanda cha kusindika gesi kuwa kimiminika, dola bilioni zaidi ya 40, kiko Lindi kwenye ramani miaka mingi sasa, 2023 tukatangaziwa mazungumzo yamekamilika, na siku ile ile naambiwa madalali wa Lindi walianza kupigiana simu kuhusu viwanja. Mimi naombea kije, nina watoto. Ila ninachoona ni kwamba kila tangazo linampa mwenye fremu tupu sababu ya kutoshusha bei mwaka mwingine. Tangazo lenyewe limekuwa nanga, na hela halileti.

Wakati huo huo hela ndogo ndogo zinapita mbele ya milango iliyofungwa. Makaa ya mawe ya Ruvuma yanashuka bandarini tangu 2021 mwishoni, madereva wa malori wamejaa, wanataka pa kula, pa kulala, pa kurekebishia tairi, hakuna anayetaka fremu ya dola. Korosho ikiwa na msimu mzuri, kama 2024 bei ilivyovuka 4,000 kwa kilo mnadani, kuanzia Oktoba watu wana hela za miezi mitatu minne, pikipiki zinauzwa, mabati yanauzwa, simu zinauzwa. Biashara ya huku ina msimu kama mwembe. Ila mkataba wa fremu ni mwaka mzima kwa mkupuo, unalipia na miezi ya Aprili na Mei ambayo mteja pekee ni mvua. Nani amesema lazima iwe hivyo? Ghala la korosho linakodishwa kwa msimu, shamba linakodishwa kwa msimu, fremu imekuwa na uungu gani. Igaweni ile sakafu ya juu vyumba vidogo kumi, weka fundi cherehani, weka mtoto wa kurekebisha simu, kodi kwa mwezi, msimu ukija ongeza. Najua benki watanuna. Benki wananuna hata sasa.

Hata manispaa inapoteza hapa. Kodi ya majengo sikuhizi inakatwa kwenye LUKU, yani ukinunua umeme wa mita, ilianza 2021 kwa 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida na 5,000 kila ghorofa, 2023 ikapanda ikawa 1,500 na 7,500. Mfumo rahisi sana, nausifia. Ila jengo tupu halinunui umeme. Deni linakaa kwenye mita nalo linasubiri. Mama mwenye friji ya barafu za mtoto Chikongola analipa kila mwezi, ghorofa tatu za vioo hazilipi mpaka siku mtu anunue yuniti. Kule Akron moli ya Rolling Acres ilipolimbikiza madeni ya kodi mwisho wa siku serikali za mitaa zililichukua jengo, likabomolewa, na leo pale pana ghala la Amazon. Ndio, hao hao wa onlaini, na hicho kichekesho wenyewe wanakijua. Ila walau mtu alichoka kusubiri akafanya kitu.

Watasema pia tatizo ni machinga, wamejaa chini barabarani ndo mana watu hawapandi juu. Hiyo lugha nimeisikia kwenye vikao. Kwanza neno lenyewe limetoka kwetu, Wamachinga ni watu wa Lindi, vijana wao walienda Dar kutembeza bidhaa mkononi mpaka jina la kabila likawa jina la kazi. Pili, Dar walijaribu. Wakajenga Machinga Complex pale Karume kwa mkopo wa NSSF wa mabilioni, ghorofa nzuri, vizimba vimepangwa, na likakaa miaka na miaka karibu tupu wakati machinga wamejaa nje ukutani kwake, na deni likawa linazaa. Machinga sio mjinga, anajua mteja wake hapandi ngazi kufuata soksi. Mteja anapita. Biashara ya huku inamfuata anayepita, na mlango usiofungukia barabarani huo ni ukuta tu.

Siku ile nimeongea na dalali, pale mbele ya jengo nilimkuta mke wa mlinzi. Ana meza kwenye kibaraza, mihogo ya nazi, chai, samaki wa kukaanga jioni, bodaboda wamemzunguka, nikakaa nikanywa chai yangu. Nikamwambia dada hongera, wewe ndo mpangaji pekee wa hili jengo. Akacheka. Wiki mbili mbele nimepita tena simuoni kibarazani. Nikageuka nikamuona ng'ambo ya barabara, meza ile ile, sufuria zile zile, wale bodaboda wamehama naye. Nikamuuliza imekuaje tena?

"Walikuja kunitajia kodi, kaka. Wanasema kile kibaraza ni cha fremu namba moja."

Kwa dola? Akasema kwa dola. Akanimiminia chai. Ilikuwa saa kumi jioni, jua limeshaenda nyuma ya jengo, na kivuli cha ghorofa zote tatu kilikuwa kimevuka barabara kimetufunika pale pale tulipokaa.